Kampuni yetu ya alizeti inauzwa asilimia 60. Je, ni lazima tupeleke taarifa FCC?

Alizeti_Singida

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa waliowahi kupita njia hii.

Kampuni ni ya familia, iko Singida. Tunakamua alizeti, tunauza mafuta na mashudu. Mjomba ndiye mwenyekiti, mimi nashika vitabu. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana zinaonyesha mauzo ya shilingi bilioni 1.4 na mali za kama milioni 900. Sasa imekuja kampuni ya Dar, wasambazaji wa vyakula, inataka asilimia 60 ya hisa. Wao mauzo yao ni kama bilioni 9 kwa mwaka. Bei imeshakubaliwa, mkataba uko rasimu ya tatu, makabidhiano yamepangwa tarehe mosi ya mwezi ujao. Hata fomu za benki za kubadilisha watia sahihi zimeshajazwa, zipo kwenye droo yangu.

Kwenye kikao nikauliza kama jambo hili haliendi Tume ya Ushindani (FCC) kwanza. Mhasibu wao akacheka, akasema FCC ni ya viwanda vya saruji, ninyi mnauza madumu. Mjomba naye akacheka. Mimi ndiye nitakayetia sahihi hizo hesabu, kwa hiyo sikucheka.

Maswali yangu: wanapima ukubwa wa nani, sisi au wao? Wanapima kwa mauzo, kwa mali au kwa bei ya hisa? Na tukinyamaza itakuwaje?

Mzee_wa_Fursa

Mkuu, bilioni 1.4 ni hela ya kawaida kabisa siku hizi. Nani atawatafuta Singida? Ukienda kujitangaza serikalini unajitafutia makaratasi mwenyewe. Chukueni hela, mwambie mjomba anunue trekta.

Karani_wa_Samora

Mzee wa Fursa, ushauri wako una bei: asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka, kifungu cha 60 cha Sheria ya Ushindani ya 2003. Siku ya kulipa wewe hutakuwepo kuchangia.

Alizeti, mimi ni karani wa ofisi ya mawakili mjini, na fomu hizi nimeanza kuzijaza kiwango kikiwa bado milioni 800. Nikujibu kwa mpangilio ambao sisi tunaufuata mezani, maana watu wengi wanaanzia katikati na ndipo wanapopotea.

Cha kwanza hatuulizi hela kabisa. Tunauliza: baada ya dili hili, nani ataamua mambo ya kampuni? Sheria yetu inaita muungano ununuzi wowote wa hisa, biashara au mali nyingine, uwe umefanyika ndani au nje ya Tanzania, unaobadilisha udhibiti wa biashara, wa sehemu ya biashara au wa mali ya biashara iliyoko Tanzania. Soma hapo pa "nje ya Tanzania" mara mbili. Wazungu wawili wakiuziana kampuni huko London, na kampuni hiyo ina tawi Mwanza, jambo hilo linaweza kutua FCC. Na hapo pa "mali ya biashara" napo pasome, kwa sababu kuna wajanja wanaosema hatununui kampuni, tunanunua mashine na chapa tu. Wanaripoti vilevile.

Ninyi asilimia 60 haina mjadala. Lakini nimewahi kuona faili la asilimia 30 ambapo mwenye 30 ndiye anayemteua meneja mkuu na bajeti haipiti bila sahihi yake. Huyo ndiye mwenye nyumba, hisa ziseme zinavyosema. Tuliripoti.

Cha pili ndiyo hela. Tangu agizo la 2017 kiwango ni shilingi bilioni 3.5. Na hapa ndipo mhasibu wao alipocheka mapema: kinachopimwa ni jumla ya pande zinazoungana, siyo ninyi peke yenu. Mauzo yenu 1.4, yao 9, jumla 10.4. Mmeshapita, tena mbali. Wala hakuna haja ya kugusa mali, maana ni mauzo AU mali; kimoja kikivuka inatosha.

Ila kwa faida ya wengine watakaosoma: upande wa mali, kinachoangaliwa ni thamani ya soko. Kampuni nyingi za familia zina kiwanja cha kiwanda kimeandikwa kwenye mizania kwa bei kilichonunuliwa enzi za Mkapa, milioni kumi na kitu, na leo hapo mbele pana lami na kituo cha mafuta. Ukijumlisha mizania kama ilivyo unajiona uko salama, ukimwita mthamini hauko.

Bei ya hisa uliyouliza haihesabiki kwetu. Mkiuziana kwa milioni 200 au kwa bilioni 20, kiwango kinasoma hesabu zenu zilizokaguliwa, hakisomi mkataba.

Ada: kwa jumla ya kati ya bilioni 3.5 na 25 ni milioni 25. Kati ya 25 na 100 ni milioni 50, zaidi ya hapo milioni 100. Kwenye rasimu ya nne andikeni waziwazi kwamba analipa mnunuzi. Msipoandika mtagombana, na atakayeshindwa ni mwenye haraka ya kupokea hela.

Na hizo fomu za benki ziache humo humo kwenye droo. Dili la kuripotiwa halitekelezwi kabla ya Tume kusema. Fomu FCC 8, ile ya kuripoti muungano, ikishapokelewa ikiwa kamili, Tume ina siku 14 za kuamua kama inataka kuchunguza zaidi. Ikitaka, inajiongezea siku 90, na juu yake inaweza kuongeza 30. "Ikiwa kamili" ndilo neno linalokula muda. Faili likikosa kitu, saa haijaanza kuhesabu. Tarehe mosi yenu imekufa, mwambie mjomba mapema.

Mhasibu_Nakuru

Hamjambo nyote. Niongeze ya upande wetu wa Kenya kwa sababu nadhani tuko na mpango wa haki kidogo kwa watu kama huyu ndugu wa Singida.

Kwa kanuni za 2019, Mamlaka ya Ushindani hapa Nairobi inaangalia jumla ya pande zote, halafu inaangalia pia anayenunuliwa peke yake. Jumla ikiwa chini ya shilingi milioni 500 za Kenya, hiyo hawana haja nayo. Ikiwa kati ya milioni 500 na bilioni moja, unapeleka maombi mafupi ya kuondolewa kwenye utaratibu kamili, na wanaweza kukukubalia. Ripoti kamili ni pale jumla imefika bilioni moja NA anayenunuliwa mwenyewe ana zaidi ya milioni 500. Kuna mtego mmoja tu: mnunuzi akiwa na zaidi ya bilioni 10 na mko soko moja, au mmoja anamuuzia mwingine bidhaa, hapo udogo wako haukusaidii.

Kwa hesabu ya haraka, bilioni 10.4 zenu ni kama milioni 550 zetu. Ingekuwa hapa mngepeleka barua na kungoja jibu. Na ada kwetu inaanzia shilingi milioni moja, kwa jumla ya bilioni moja hadi 10.

Karani_wa_Samora

Mhasibu, hapo sikubishii. Kumpima anayenunuliwa peke yake ndicho kitu ninachokitamani kwetu. Kwa kanuni yetu, vinu viwili vya Singida vyenye bilioni 1.4 kila kimoja vikiungana, jumla 2.8, mali nazo zikiwa chini, havina habari na Tume, ingawa kwa mkulima wa Iramba huenda ndio wanunuzi wawili pekee wa alizeti yake. Lakini kinu kimoja kikinunuliwa na msambazaji wa Dar ambaye hajawahi kukamua hata debe moja, faili linafunguliwa. Ukinunua kitu kidogo ukiwa mkubwa unaripoti hata kama hakigusi biashara yako hata kidogo.

Ingawa hao wa vinu viwili nao wasijidanganye. Kutoripoti siyo ruhusa. Kifungu cha 11 kinakataza muungano unaojenga au kuimarisha nafasi ya kutawala soko, na katazo hilo halina sakafu ya shilingi. Kiwango kinasema tu nani alete faili kabla. Wasiolazimika, Tume ikisikia kilio inaweza kuwafuata baadaye.

Mwanafunzi_Mlimani

Samahani naingilia. Mimi nasoma uchumi. Kama lengo ni kulinda ushindani, kwa nini wasitumie moja kwa moja sehemu ya soko? Waseme: mkishika zaidi ya asilimia fulani ya soko, ripotini. Mauzo ya bilioni 10 kwenye soko la trilioni hayamdhuru mtu. Naona wanapima kitu kisichohusika.

Karani_wa_Samora

Swali zuri, na wapo wanaofanya hivyo. Hispania ukivuka asilimia 30 ya soko unaripoti, na Ureno nao wana kipimo cha namna hiyo pamoja na cha mauzo. Uingereza wana robo ya bidhaa zinazouzwa, ingawa kwao kuripoti ni hiari.

Lakini jaribu kuwa wewe ndiye huyu ndugu wa Singida. Sehemu yako ya soko ni ngapi? Soko lipi? La mafuta ya alizeti, au la mafuta yote ya kupikia pamoja na mawese yanayoingia kwa meli? La mkoa wa Singida, Kanda ya Kati au nchi nzima? Na kwenye kununua mbegu kwa mkulima ni soko jingine kabisa, huko hata kilomita 50 ni mbali. Ukichagua soko pana una asilimia sifuri nukta kitu. Ukichagua jembamba una 40. Kila wakili atachagua pana, atalala usingizi, na Tume itamwamsha.

Watu wenyewe wenye wachumi wao wanapishana. Mnakumbuka Twiga na Tanga, viwanda vya saruji. Scancem, ya kundi la Heidelberg lenye Twiga, ilitaka asilimia 68.33 ya Tanga Saruji. Kama ni muungano wa kuripotiwa au la, hapo hakuna aliyehitaji hata kikokotoo. Tume ikaruhusu Aprili 2022. Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume, likatengua ruhusa, hoja kubwa ikiwa ile asilimia 35 ya soko iliyokuwa kwenye sheria wakati ule. Kama Tume na Baraza hawakufika mahali pamoja wakiwa na mafaili yote mbele yao, utamwambiaje mtunza vitabu wa kiwanda akae peke yake aamue?

Mauzo yanapendwa kwa sababu ya uvivu mzuri: namba ipo, mkaguzi ameshaigonga muhuri, TRA wanayo, haibishaniwi. Ni kama ule utepe wa kupimia urefu wa mizigo getini. Haujui ndani ya lori mna nini, unajua tu lipi lisimame. Kukagua kilichomo ni hatua nyingine, na huko ndiko sehemu ya soko inakofanya kazi.

Unachosema kina ukweli sehemu moja, kampuni changa za teknolojia. Facebook ilipoinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, mauzo ya WhatsApp yalikuwa madogo kiasi kwamba dili halikufikia viwango vya mauzo vya Umoja wa Ulaya. Lilifika Brussels kwa njia ya kuhamishiwa kutoka nchi wanachama tatu. Yaani kitu ambacho leo mabilioni ya watu wanakitumia, mizani ya mauzo ilikiona kama kioski. Ujerumani ikajifunza, 2017 ikaongeza kipimo cha bei ya dili: euro milioni 400, Austria 200. Marekani wao wanaanza na thamani ya dili, na namba inarekebishwa kila mwaka kufuata uchumi. Mwaka 2025 ilikuwa dola milioni 126.4. Hiyo ya kurekebishwa kila mwaka ningeiomba hapa kwetu pia. Sisi 3.5 ya 2017 bado ni 3.5, bei za vitu hazikutusubiri, kwa hiyo kila mwaka wadogo zaidi wanaingia mlangoni bila kuwa wamekua.

Na anayedhani dawa ni kuripoti kila kitu aiulize COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Walipofungua milango Januari 2013 kiwango chao kilikuwa sifuri. Sifuri kabisa. Mawakili wa Nairobi na Lusaka walipiga kelele mpaka 2015 kikawekwa: dola milioni 50 kwa jumla, na angalau pande mbili kila mmoja milioni 10.

Alizeti_Singida

Wakuu nashukuru sana, nimechapa hizi karatasi nikampelekea mjomba. Hajacheka.

Jambo limeongezeka. Nimeomba daftari lao la wanahisa kama Karani alivyoshauri pembeni. Kumbe hiyo kampuni ya Dar asilimia 70 inamilikiwa na kampuni ya Nairobi. Kundi zima mauzo yake ni kama shilingi bilioni 2 za Kenya. Je, tunaripoti Kenya pia? Na hii mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha, tunaingia? Mhasibu wao sasa amegeuka, anasema basi tutalipa ada nchi tatu na dili halina faida tena.

Mhasibu_Nakuru

Mwambie atulie. Kenya wanaangalia athari ndani ya Kenya. Ninyi Singida hamna duka, ghala wala mteja hapa, si ndiyo? Kinachonunuliwa hakipo Kenya. Mimi sioni faili la Nairobi hapo.

Alizeti_Singida

Hatuna. Mashudu yanaenda Arusha na Moshi, mnunuzi ni Mtanzania. Baada ya hapo akiyavusha Namanga ni yake.

Karani_wa_Samora

Basi ni kama Mhasibu alivyosema. COMESA nayo itoe kichwani, Tanzania ilijitoa huko mwaka 2000, na ninyi biashara yenu yote iko Tanzania.

Arusha: Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ilianza kupokea taarifa za miungano tarehe 1 Novemba 2025, kwa sheria ya Jumuiya ya 2006. Miaka 19 kutoka sheria hadi dirisha, lakini dirisha sasa liko wazi. Inashughulikia miungano inayovuka mipaka, na jumla ya mauzo au mali ndani ya Jumuiya iwe imefika dola milioni 35. Bilioni 2 za Kenya ni kama dola milioni 15 na ushee, ninyi mnaongeza kama laki sita. Hamfiki nusu. Kwa hiyo faili ni moja, la FCC.

Ila kundi la Nairobi linaingia kwenye maelezo ya faili, wala lisifichwe. Anayewanunua siyo duka la Dar peke yake, ni yule anayeliamulia duka la Dar. Chora mti wa umiliki mpaka juu kabisa, kwa mtu mwenye jina na pasipoti. Faili nyingi zinazorudishwa kama pungufu zinarudi kwa sababu mti uliishia kwenye tawi.

Mzee_wa_Fursa

Haya, nimekaa kimya nasoma. Lakini swali la kweli, siyo utani: hao jamaa wameshalipa chochote? Maana miezi minne ya kungoja, mwenye hela anaweza kubadilika.

Alizeti_Singida

Wamelipa malipo ya awali, milioni 150. Zipo kwenye akaunti ya wakili. Na walituletea kijana wao tangu mwezi uliopita, anakaa ofisini kwangu. Malipo yoyote ya zaidi ya milioni mbili lazima ayapitishe yeye kwanza, na wiki iliyopita alizuia tusinunue alizeti Mkalama akisema bei ni kubwa. Mjomba alimkubalia ili kujenga mahusiano. Hiyo nayo ina shida?

Karani_wa_Samora

Ndugu yangu, ungeanza na hiyo.

Milioni 150 kwa wakili hazina neno, mradi mkataba useme zinarudi Tume ikikataa. Huyo kijana ndiye tatizo. Anazuia malipo, anaamua mbegu inunuliwe wapi na kwa bei gani. Huo ndio udhibiti tuliokuwa tunauzungumzia tangu juu, umeshahama kabla hisa hazijahama. Faili likifika FCC na barua pepe zake za "nimekataa Mkalama" zipo, mtajibu nini?

Fanyeni hivi. Aondoke kiwandani wiki hii, siyo baada ya kikao kijacho. Mjomba aandike barua kwa wanunuzi kwamba maamuzi yote ya kununua na kulipa ni ya bodi ya sasa mpaka idhini itoke. Wakitaka kulinda thamani ya wanachonunua, waweke kwenye mkataba orodha fupi: msiuze mashine, msikope zaidi ya kiasi fulani, msigawe gawio. Hiyo ni kawaida na hakuna anayeikataa. Lakini bei ya gunia la alizeti aamue mjomba. Na wakili wenu aamue kabla ya kufungua faili namna ya kulieleza hilo la mwezi uliopita, maana kulieleza mwenyewe ni tofauti na kuulizwa.

Alizeti_Singida

Nimempigia mjomba sasa hivi. Anauliza kama kijana anaweza kubaki kama mgeni tu, asiguse kitu, kwa sababu ameshalipa kodi ya nyumba ya miezi sita.

Karani_wa_Samora

Akae kwenye nyumba. Ofisini asije.